Waneandathali waliishia wapi?

Kila utafiti mpya kuhusu Waneandathali, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia waliotoweka, ukitangazwa, vichwa vya habari huwa vilevile: siri imefichuka. Mara waliuawa na baridi, mara na volkano, mara na magonjwa, mara ni sisi tuliowamaliza kwa mikuki. Msomaji aliyefuatilia habari hizi kwa miaka kadhaa anabaki na marehemu mmoja na wauaji kibao, kila mmoja akiwa "amethibitishwa na wanasayansi".

Pembeni kuna ubishi wa pili, ule wa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba Wazungu ni uzao wa Waneandathali na Waafrika ndio binadamu asilia, au kinyume chake, eti Mwafrika alikosa kitu ambacho wenzake walikipata. Ubishi huo nitaurejea baadaye, kwa sababu haujibiki kabla mtu hajaelewa hawa walikuwa nani na walipungua vipi.

Walikuwa watu. Hawakuwa sokwe waliojifunza kusimama, na wala si chimbuko letu. Ni binamu. Ukoo wao na wetu unakutana kwa mababu walioishi zaidi ya miaka 500,000 iliyopita. Tawi moja lilikulia Afrika likawa sisi, Homo sapiens, na mabaki yetu ya kale zaidi yanayojulikana yametoka Jebel Irhoud, Morocco, yana miaka kama 300,000. Tawi la pili lilikulia Ulaya na Asia ya Magharibi. Mifupa yenye dalili zao za mwanzo imo katika shimo la Sima de los Huesos, kaskazini mwa Hispania, na ina umri wa miaka kama 430,000. Walienea kutoka Ureno na Wales hadi milima ya Altai huko Siberia, na kusini hadi Israel na Iraq za leo. Afrika haujapatikana mfupa wao hata mmoja.

Jina lao limetoka kwenye bonde la Neander, karibu na Düsseldorf nchini Ujerumani. Mwaka 1856 wachimba mawe ya chokaa walitoa mifupa pangoni wakidhani ni ya dubu, na mwalimu wa shule, Johann Carl Fuhlrott, akatambua kuwa ni ya mtu, tena mtu wa namna yake. Kwa umbo walikuwa wafupi kiasi, wenye mifupa minene na kifua kipana, pua kubwa, matuta mazito juu ya macho na kidevu kisichochomoza. Ubongo wao ulilingana na wetu kwa ukubwa, na wengine walituzidi.

Mgonjwa mmoja aliyechafulia jamii nzima jina

Kabla ya kuuliza kilichowaua, inabidi kuondoa jibu moja ambalo watu wengi wanalo kichwani bila kujua: walikufa kwa sababu walikuwa wajinga. Picha ya zimwi lenye manyoya, limeinama, linaburuta rungu, ina chanzo kinachojulikana.

Mwaka 1908, katika kijiji cha La Chapelle-aux-Saints nchini Ufaransa, yalifukuliwa mabaki ya mwanamume mzee, karibu mwili mzima. Marcellin Boule, bingwa wa makumbusho ya historia asilia ya Paris, akayachunguza na kuandika kwamba Mneandathali alitembea magoti yamekunjika na kichwa kimetangulia mbele, katikati ya nyani na mtu. Wachoraji wakaipokea picha hiyo na haijatutoka mpaka leo. Mwaka 1957 William Straus na A. J. E. Cave waliipitia mifupa hiyohiyo upya. Mzee wa watu alikuwa na baridi yabisi kali ya mgongo, na meno mengi yalikuwa yamemwisha. Ndivyo jamii nzima ilivyopewa mwendo wa mgonjwa mmoja.

Ushahidi uliofuata umekwenda upande mwingine kabisa. Katika pango la Shanidar, Kurdistan ya Iraq, timu ya Ralph Solecki ilifukua mabaki ya mwanamume wa makamo ambaye mkono wake wa kulia uliishia juu ya kiwiko, upande wa kushoto wa uso ulikuwa umepondwa kiasi kwamba huenda jicho lile halikuona, na mguu wake ulichechemea. Mifupa yote hiyo ilikuwa imeunga na kupona, maana yake aliishi miaka mingi na majeraha hayo. Mtu kama huyo hawindi mbuzi mwitu milimani peke yake. Kuna waliomlisha, au angalau waliokataa kumwacha nyuma.

Walitengeneza gundi kwa kuchoma gome la mti na kuitumia kubandika jiwe kwenye mpini. Katika pango la Bruniquel, Ufaransa, waliingia zaidi ya mita 300 gizani, wakavunja nguzo za chokaa zinazoota sakafuni mwa pango na kuzipanga duara. Hiyo ilikuwa miaka 176,500 iliyopita, wakati ambapo Ulaya hakukuwa na mtu wa tawi letu wa kuwafundisha.

Walizika wafu wao pia. Anayetaka kupima tofauti kati yao na sisi kwa jambo hili aangalie Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi. Miaka kama 78,000 iliyopita, mtoto wa tawi letu, wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, alilazwa ubavu katika shimo dogo, magoti yamekunjwa. Namna kichwa chake kilivyoteleza inaonyesha kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu kama mto, ambacho baadaye kilioza. Watafiti walimpa jina Mtoto. Hakuna kaburi la kale zaidi ya hilo lililotangazwa barani Afrika kwa mtu wa tawi letu wakati taarifa hiyo ilipotoka mwaka 2021. Ukiliweka kando ya makaburi ya Waneandathali wa Ufaransa na Israel, utapata shida kusema nani hapo alikuwa na huzuni ya kibinadamu zaidi.

Tarehe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa

Jibu la sasa ni kwamba walitoweka karibu miaka 40,000 iliyopita. Mwaka 2014 timu ya Tom Higham wa Oxford ilipima sampuli kutoka maeneo mengi, kuanzia Urusi hadi Hispania, ikakuta kwamba zana na mifupa yao inakoma kati ya miaka 41,000 na 39,000 iliyopita.

Lakini utasikia pia miaka 28,000, hasa kwa Gibraltar, kusini mwa Hispania, na tofauti hiyo si uzembe. Umri wa mfupa hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni ambayo mwili huipokea ukiwa hai, na ambayo baada ya kifo hupungua nusu kila miaka 5,730. Mfupa ukifikisha miaka 40,000, kaboni hiyo imebaki chini ya asilimia 1 ya ilivyoanza. Sasa mizizi, maji ya udongo au hata gundi ya makumbusho ikiingiza kaboni ya kisasa ya asilimia 1 tu, mfupa huo utasomeka kama wa miaka 33,000 hivi. Uchafu kidogo, na marehemu ameongezewa miaka 7,000 ya kuishi. Ndiyo maana tarehe za zamani, zilizopimwa kabla ya mbinu mpya za kusafisha sampuli, zinatiliwa shaka na wengi.

Kwa nini tuhangaike na jambo hili? Kwa sababu maelezo yote ya chanzo yanasimama au kuanguka kwa tarehe. Hesabu ya Higham iliwapa Waneandathali na sisi miaka 2,600 hadi 5,400 ya kuwa pamoja Ulaya, na tangu hapo muda umerefuka: pango la Ranis nchini Ujerumani limetoa mifupa ya Homo sapiens yenye zaidi ya miaka 45,000. Hivyo ni vizazi zaidi ya mia moja. Dhana ya uvamizi mmoja, wa jeshi moja, inafia hapo.

Watuhumiwa

Vita ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo yenye ushahidi mwembamba zaidi. Kuna ubavu mmoja wa mtu mwingine wa Shanidar wenye alama ya kuchomwa na kitu chenye ncha, jeraha lililoanza kupona, na baadhi ya watafiti wanadhani ulikuwa mkuki wa kurushwa, silaha inayohusishwa na sisi. Ubavu mmoja. Sisemi hawakugombana, watu hugombana, ila makaburi ya halaiki ya vita hiyo hayapo.

Magonjwa tuliyowaletea kutoka nchi za joto ni wazo lenye mantiki, lakini hakuna mfupa uliothibitisha.

Volkano ya Campi Flegrei, karibu na Naples, ililipuka kwa kishindo kikubwa miaka kama 40,000 iliyopita na majivu yake yalifika hadi Urusi. Tarehe inavutia sana. Tatizo ni kwamba katika maeneo kadhaa, ukichimba, majivu hayo yako juu ya tabaka ambamo zana za Waneandathali zimeshakwisha. Walikuwa wamekwenda kabla hayajaanguka.

Hali ya hewa ni kesi nzito zaidi. Wengi hujibu haraka kwamba hawa walizoea baridi, walipita vipindi kadhaa vya barafu wakiwa hai, sasa iweje baridi iwaue? Ni hoja nzuri, ila inasahau kwamba shida haikuwa baridi yenyewe. Kati ya miaka 60,000 na 40,000 iliyopita hali ya hewa ya Ulaya iliyumba mno, ikipanda na kushuka kwa nyuzijoto kadhaa ndani ya miongo michache. Msitu unageuka nyika, wanyama wanahama, na aliyezoea kumvizia mnyama kwa karibu kati ya miti anabaki uwandani bila pa kujificha. Kila kuyumba kunawakata katika makundi yaliyojitenga. Baadhi hufa, na joto likirudi waliobaki huenea tena. Wameshafanya hivyo mara nyingi. Swali ni kwa nini mara ya mwisho hawakuenea.

Mtaji mdogo

Chukua duka la mtaani lenye mtaji mdogo. Mwezi mmoja mwenye duka anaugua, mwezi unaofuata mvua inakata barabara na bidhaa zinachelewa, halafu ng'ambo ya barabara linafunguliwa duka jipya. Siku likifungwa, mtaa mzima una jibu: ni ugonjwa, ni mvua, ni yule mpinzani. Kila mmoja anasema kweli kidogo. Lakini mvua hiyohiyo na mpinzani huyohuyo vililikuta pia duka la jumla lenye matawi mjini, na halikutikisika. Mtaji wa Waneandathali ulikuwa watu, na watu wao walikuwa wachache kupita kiasi.

Tunajua hili kwa vinasaba, yaani DNA, maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Jamii kubwa huwa na tofauti nyingi katika maandishi hayo, jamii ndogo huwa na chache. Utafiti wa mwaka 2024, uliofanywa na timu ya Joshua Akey wa Princeton na wenzake, ulipunguza makadirio ya Waneandathali waliokuwa wakizaa kutoka kama 3,400 hadi kama 2,400. Hesabu hiyo ni wastani wa muda mrefu na haiwahusishi watoto, wazee na wasiopata uzao, hivyo vichwa halisi vilikuwa vingi zaidi. Hata hivyo, ukiwatawanya kutoka Atlantiki hadi Siberia, unapata nchi tupu yenye moshi wa moto mmoja huku na mwingine mbali kule.

Pango la Chagyrskaya, Siberia, linaonyesha jambo hili kwa karibu. Mwaka 2022 vilichapishwa vinasaba vya watu 11 kutoka humo, wakiwemo baba na binti yake aliyekuwa kigoli. Jamii yao ilikadiriwa kuwa ya watu 10 hadi 20, na wengi wa wanawake walikuwa wametoka jamii nyingine, bila shaka kwa kuolewa, kama tungesema leo. Ufanano wa vinasaba vyao uliwakumbusha watafiti gorila wa milimani, wale wa Virunga na Bwindi, ambao dunia nzima inajua wako hatarini. Pango jingine la Altai lilitoa mfupa wa mwanamke ambaye wazazi wake walikuwa na undugu wa karibu kama wa ndugu wa mzazi mmoja. Haikuwa hivyo kila mahali. Mwanamke wa pango la Vindija, Kroatia, hakuwa na wazazi wa karibu namna hiyo. Lakini pia kuna mtu aliyeitwa Thorin, wa pango la Mandrin kusini mwa Ufaransa, ambaye ukoo wake ulikaa kama miaka 50,000 bila kuchanganya damu na Waneandathali wengine wa humohumo Ulaya.

Jamii ndogo namna hiyo haihitaji adui. Mwaka 2019 Krist Vaesen na wenzake waliunda hesabu za kompyuta wakiwaweka Waneandathali wa kubuni peke yao, bila sisi kabisa. Wakaongeza mambo matatu: kuzaana ndugu kwa ndugu, ugumu wa kupata mwenza na msaada wa kuwinda pale watu wanapopungua, na bahati mbaya za kawaida, kama mwaka ambao wamezaliwa wavulana watupu au wawindaji wawili wamekufa mtoni. Jamii ndogo zilikwisha zenyewe ndani ya miaka 10,000. Hiyo haithibitishi kwamba hatukuhusika. Inaonyesha tu kwamba msukumo mdogo ungetosha.

Sisi nasi tulishindwa

Hapa ndipo masimulizi mengi ya ushindi wetu yananishinda kuyameza. Homo sapiens walifika mapango ya Skhul na Qafzeh, Israel, kati ya miaka 120,000 na 90,000 iliyopita, kisha wakatoweka, na baadaye eneo hilo likawa na Waneandathali. Katika pango la Mandrin kuna jino la mtoto wa kwetu la miaka kama 54,000, na juu ya tabaka lake wanarudi Waneandathali. Watu wa Ranis, pamoja na mwanamke wa Zlatý kůň, Jamhuri ya Czech, aliyekuwa na undugu nao, walisomwa vinasaba mwaka 2024: hawana kizazi duniani leo. Hata kijana wa pango la Oase, Romania, ambaye mmoja wa mababu zake wa vizazi vinne hadi sita nyuma alikuwa Mneandathali, hakuacha uzao unaoonekana kwa Wazungu wa sasa.

Kwa hiyo sapiens wa kwanza wa Ulaya nao duka lilifungwa. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na matawi. Walipokwisha hao, walikuja wengine kutoka Asia ya Magharibi, na nyuma yao kulikuwa na Afrika nzima. Na matawi hayo yalizoea kupelekeana vitu. Olorgesailie, Kenya, miaka kama 300,000 iliyopita, kulikuwa na mawe ya obsidiani, kioo cha volkano, yaliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 50 na zaidi. Miaka kama 50,000 iliyopita watu wa Tanzania na wa kusini mwa Afrika walikuwa wakivaa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zinazofanana mno, ingawa waliachana kwa kilomita zaidi ya 3,000. Mneandathali kwa kawaida alitumia jiwe la karibu na kwake.

Damu iliyobaki

Sasa ule ubishi wa WhatsApp. Mwaka 2010 timu ya Svante Pääbo, kutoka taasisi ya Max Planck ya Leipzig, ilichapisha vinasaba vya Waneandathali na kuonyesha kwamba walizaa na sisi. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2022. Watu ambao asili yao iko nje ya Afrika wana kama asilimia 2 ya vinasaba hivyo. Hiyo haiwafanyi Waneandathali. Tena Wachina na Wajapani wanavyo zaidi kidogo kuliko Wazungu, hivyo kulifanya jambo hili kuwa la Wazungu ni kukosea mlango.

Na Mwafrika? Kwa miaka kumi jibu lilikuwa sifuri, au karibu nalo. Mwaka 2020 mbinu mpya ya hesabu ilitumika kwa jamii tano za Afrika, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya, na kukuta kama asilimia 0.3. Sehemu kubwa ililetwa na watu waliorudi Afrika kutoka Ulaya na Asia katika maelfu ya miaka iliyofuata. Kwa watu wa mwambao wenye mababu wa Uajemi, Uarabuni au Bara Hindi, kiasi hicho kinapanda kulingana na upande huo wa ukoo. Hakuna jamii iliyo "safi" ya kujivunia.

Vipande hivyo si pambo. Wakati wa Covid, mwaka 2020, Pääbo na Hugo Zeberg waligundua kwamba kipande kimoja cha urithi wa Waneandathali kilimwongezea mtu hatari ya kuugua vibaya. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, Ulaya ni kama asilimia 16, Afrika karibu hakipo. Kipande kingine kutoka kwa haohao kilimpunguzia mtu hatari hiyo.

Kuzaana huko kulitokea hasa kati ya miaka 50,500 na 43,500 iliyopita, yaani katika miaka yao ya mwisho, na ndiyo sehemu ya habari hii ninayoiona nzito zaidi. Waneandathali wa mwisho kadhaa wameshasomwa vinasaba: wa Spy na Goyet nchini Ubelgiji, wa Les Cottés nchini Ufaransa, wa Vindija, wa Mezmaiskaya nchini Urusi, na Thorin. Hakuna hata mmoja mwenye babu wa karibu wa kwetu, ingawa walishawahi kuchanganyika nasi zamani zaidi, miaka laki moja na zaidi kabla. Watoto mchanganyiko wa kipindi hicho tunaowajua, kama kijana wa Oase, wote wako katika jamii zetu. Waliosomwa bado ni wachache, na kesho pango jingine linaweza kuleta habari tofauti. Lakini ikiwa mwelekeo ulikuwa huo kweli, basi kila mtoto wa namna hiyo alihesabiwa upande wetu, na mzazi wake Mneandathali alikuwa ameacha pengo katika kundi la watu kumi na tano.